Sura ya Tano: Joho na Daftari

Mwanafunzi wa kidato cha sita anayesoma HGE, yaani historia, jiografia na uchumi, ana bahati inayomsumbua. Tahasusi yake inamruhusu kuomba sheria, na katika vyuo vingi inamruhusu pia kuomba uhasibu. Dirisha la maombi likifunguliwa, kila mtu nyumbani ana la kusema. Shangazi anasema mtoto huyu ana mdomo, aende sheria. Mjomba wa halmashauri anasema uhasibu haukosi kazi. Baba anauliza alipata ngapi kwenye hisabati kidato cha nne. Ushauri wote huo umejengwa juu ya dhana moja: wakili huongea, mhasibu hujumlisha. Ni dhana iliyowapeleka vijana wengi kwenye kozi isiyo yao.

Hesabu za mhasibu, kwa sehemu kubwa, ni kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya na kutafuta asilimia, na hata hizo siku hizi hufanywa na kompyuta. Kinachomkosesha usingizi ni maana. Tanzania inatumia viwango vya kimataifa vya taarifa za fedha tangu Julai 2004, na kimojawapo, kiwango namba 16 kilichoanza kutumika 1 Januari 2019, kinahusu ukodishaji. Tuseme kampuni ya saruji imekodi malori 10 ya kupeleka mzigo Tunduma kwa miaka 5. Mhasibu hawezi kuandika chochote kabla hajaufungua mkataba. Malori yametajwa kwa namba zake za usajili? Nani anaamua lori liende wapi na lini? Mwenye malori anaweza kuyabadilisha apendavyo, na kubadilisha huko kuna faida kwake? Ikiwa malori ni yaleyale na kampuni ndiyo inayoamua matumizi yake, haki ya kuyatumia inaingia kwenye mizania kama mali, na malipo yaliyobaki yanaingia kama deni. Ikiwa mwenye malori ana uhuru wa kweli wa kuleta lori lolote, hapo hakuna ukodishaji kwa maana ya kiwango hicho, na malipo yanaandikwa kuwa gharama ya huduma. Karatasi ni moja, malori ni yaleyale, lakini benki itakayoombwa mkopo itaona kampuni mbili tofauti. Anayeifanya kazi hii anasoma vifungu mstari kwa mstari, na asiyependa kusoma atateseka.

Wakili naye haepuki namba. Kanuni za Mahakama ya Rufani za mwaka 2009 zinampa siku 30 za kutoa taarifa ya kusudio la kukata rufaa, kisha siku 60 tangu taarifa hiyo iwasilishwe ili kufungua rufaa yenyewe. Mwenye hoja nzito akikosea kuhesabu siku, hoja yake inaweza isisikilizwe kabisa. Kwenye kodi ni hivyohivyo: Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inampa mlipakodi siku 30 kupinga makadirio, na kwa kawaida inamtaka alipe kwanza theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa au kiasi ambacho hakibishaniwi, chochote kilicho kikubwa. Wakili asiyeweza kumweleza mteja wake kiasi hicho kimepatikanaje hana cha kumwambia.

Shauri la African Barrick Gold linaonyesha fani hizi mbili zikifanya kazi juu ya meza moja. Kampuni hiyo ilisajiliwa Uingereza na hisa zake ziliingia Soko la Hisa la London Machi 2010, huku migodi yake ikiwa Bulyanhulu, Buzwagi na North Mara. Kati ya 2010 na 2013 iliwalipa wanahisa wake gawio. Mamlaka ya Mapato Tanzania ikaidai kodi ya zuio kwenye gawio hilo, dola za Marekani zipatazo milioni 41.25. Swali la kwanza lilikuwa la kihasibu: fedha hizo zilitoka wapi, kiasi gani, mwaka upi? La pili lilikuwa la kisheria, nalo ndilo lililobeba shauri: kampuni iliyosajiliwa London inaweza kuwa mkaazi wa Tanzania kwa ajili ya kodi? Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inasema shirika ni mkaazi likiwa limeundwa hapa, au ikiwa usimamizi na udhibiti wa shughuli zake ulifanyika hapa wakati wowote katika mwaka husika. Mvutano ulipanda kutoka Bodi ya Rufani za Kodi hadi Baraza, kisha Mahakama ya Rufani, ambayo mwaka 2020 iliipa ushindi Mamlaka ya Mapato. Bila hesabu, shauri lisingekuwa na kiasi cha kudai. Bila kifungu cha ukaazi, hesabu hizo zisingekuwa na nguvu.

Basi tofauti iko wapi? Iko kwenye upande.

Wakili ana upande, na anaruhusiwa kuwa nao. Mteja akishamkabidhi shauri, kazi yake ni kulitetea kwa uwezo wake wote ndani ya sheria na bila kuidanganya mahakama. Kumtetea mtu ambaye mtaa mzima umeshamhukumu si aibu. Ndiyo kazi yenyewe. Mkaguzi wa hesabu yuko kinyume. Kampuni inamlipa, lakini maoni anayoyasaini yanasomwa na wanahisa, benki na umma, na hao ndio anaopaswa kuwaogopa. Ni kweli kwamba wahasibu wengi si wakaguzi. Wapo wanaoandaa mishahara, bajeti na marejesho ya kodi za mwajiri wao. Hata hao wanatakiwa kukataa kuandika namba isiyo kweli, bosi akitaka asitake.

Msiba wa Arthur Andersen unatakiwa usimuliwe kwa kila anayefikiria uhasibu. Ilikuwa miongoni mwa kampuni 5 kubwa za ukaguzi duniani, yenye wafanyakazi wapatao 85,000. Mwaka 2000 ililipwa na Enron, kampuni ya nishati ya Houston, dola milioni 25 kwa ukaguzi na milioni 27 kwa huduma nyingine. Enron ilipoanza kuporomoka mwishoni mwa 2001, wafanyakazi wa Andersen walichanachana nyaraka kwa wingi. Juni 2002 kampuni ikatiwa hatiani kwa kuzuia haki, na wateja wakaikimbia. Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani ilibatilisha hukumu hiyo Mei 2005 kwa sababu maelekezo kwa baraza la wazee wa mahakama yalikuwa na kasoro, lakini hapakuwa tena na kampuni ya kurudi kazini. Mkaguzi anayemhitaji mteja wake kiasi hicho ameshapoteza kitu pekee anachokiuza. Kijana anayejijua kuwa ni mgumu wa kusema hapana kwa mtu anayemlipa alifikirie hilo kabla ya kuhesabu mshahara.

Halafu kuna ngazi, na ngazi hizi hazifanani hata kidogo. Shahada ya sheria peke yake haimfanyi mtu kuwa wakili. Baada ya chuo kikuu anapitia Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007 na kuanza kufundisha 2008. Uwakili unadai cheti chake, na uhakimu pia. Oktoba 2022 matokeo ya taasisi hiyo yalizua mjadala nchi nzima: kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Wengine 342 walitakiwa kurudia mitihani na 265 waliondolewa. Waziri wa Katiba na Sheria, Damas Ndumbaro, aliunda kamati chini ya Harrison Mwakyembe kuchunguza. Watu walibishana kama kosa ni la vyuo vikuu au la taasisi. Kwa familia inayouza shamba ili kusomesha, funzo lilikuwa la karibu zaidi: baada ya miaka yote ya shahada bado kuna lango, na anayekwama hapo amebaki na shahada bila joho.

Uhasibu unamlipa mtu akiwa njiani. Mwenye cheti au stashahada anaweza kuajiriwa kuandika vocha na kulinganisha vitabu na taarifa za benki, huku usiku akijisomea mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, iliyoundwa kwa sheria ya 1972. Mitihani hufanyika Mei na Novemba. Kenya wana utaratibu wa namna hiyo kupitia KASNEB, tangu 1969. Njia hiyo si nyepesi, kwani wapo wanaolirudia somo moja misimu kadhaa na kuchoka, lakini wanachoka wakiwa na mshahara. Kwa mtoto wa kwanza mwenye wadogo wanaosubiri ada, hiyo si hoja ndogo.

Upande wa sheria kuna jambo jipya pia. Mwaka 2021 Kiswahili kilifanywa kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, baada ya miaka mingi ya hukumu kuandikwa kwa Kiingereza kwa watu wasiokielewa. Mwanafunzi anayeandika Kiswahili kilichonyooka sasa ana silaha ambayo waliomtangulia hawakuihitaji.

Kujipima hakuhitaji ada. Mashauri mengi husikilizwa hadharani, hivyo mwanafunzi anaweza kwenda Mahakama ya Kisutu asubuhi, akae benchi la nyuma, aone ni kesi ngapi zinaahirishwa kabla moja haijasikilizwa. Hukumu zinapatikana bure kwenye tovuti ya TanzLII, na ile ya African Barrick Gold ni ya kuanzia. Kisha achukue ripoti ya mwaka ya CRDB au NMB, aruke picha za wakurugenzi, afungue maelezo ya hesabu mahali benki inapoeleza mikopo isiyolipika imekadiriwaje. Asome kurasa 20 za kila upande na aangalie ni wapi alianza kuuliza maswali na wapi alianza kuhesabu kurasa zilizobaki. Mitihani ya kidato cha sita huisha Mei na matokeo hutoka Julai. Muda wa katikati unatosha.