Mtoto Abatizwe Wapi?

Jumapili asubuhi hapa Luzira, mtu apandapo kutoka bandari ya Port Bell kuelekea nyumba za askari magereza, husikia kengele ya Wakatoliki, nyimbo za Waprotestanti na vipaza sauti vya waliookoka, vyote kwa wakati mmoja. Nyumbani kwangu hali ni hiyo hiyo. Mimi nilibatizwa katika Kanisa la Uganda, mke wangu ni Mkatoliki, na mdogo wangu aliye katika polisi amejiunga na walokole. Mtoto wetu ametimiza miezi minane wala hajabatizwa, kwa kuwa kila upande wa jamaa umekwisha kumchagulia kanisa.

Kwangu jambo hili lina kidonda chake. Baba yangu alipofariki mwaka 2016, mchungaji alikataa kumsomea sala kaburini kwa sababu marehemu alikuwa na wake wawili. Tulimzika kwa nyimbo za kina mama tu. Kwa muda wa miaka mitatu sikukanyaga kanisani. Lakini kila usiku, kabla ya kulala, nilijikuta nikisali. Je, mtu wa namna hiyo ni Mkristo au siye?

Nilimwuliza jirani yangu, mzee mmoja mstaafu wa magereza. "Mwalimu," alinijibu (huniita hivyo kwa ajili ya cheti changu cha ualimu, ingawa siku hizi nashughulika na majalada ya serikali), "wewe si wa kwanza. Kawasome watu wa mwaka 1929."

Nikawasoma. Simeoni Nsibambi alikuwa mtumishi kama sisi: wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alikuwa katika kikosi cha waganga Waafrika, na baadaye akafanya kazi ya afya katika serikali ya Buganda. Alikuwa Mprotestanti wa kawaida, lakini moyo wake haukutulia. Septemba 1929, huko Namirembe, alikutana na daktari Mwingereza, Joe Church, aliyetoka Gahini nchini Rwanda. Wakaketi pamoja kuisoma Biblia na kusali. Kutokana na urafiki huo, na wa wenzao wengine, uamsho wa Balokole ulienea Afrika Mashariki. Wakubwa wa kanisa hawakupendezwa wote. Mwaka 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa katika chuo cha Mukono, mmoja wao William Nagenda, kwa kushikilia kukusanyika alfajiri kusali na kuhubiri kinyume cha amri ya chuo. Hata hivyo Balokole walio wengi hawakutoka kanisani. Walibaki humo humo, wakiwasumbua wakubwa kwa toba zao za hadharani.

Reuben Spartas Mukasa alishika njia nyingine. Naye aliwahi kuwa askari, katika King's African Rifles. Mwaka huo huo wa 1929 alijitenga na Waanglikana, akitaka kanisa ambalo Mwafrika atakuwa mwenye nyumba wala si mtoto wa kuagizwa. Mwaka 1932 alipewa upadri na askofu mkuu Daniel William Alexander, aliyetoka Afrika Kusini. Lakini Spartas hakuridhika na kujitenga tu. Alitafuta mzizi wa kale, akaandikiana na Aleksandria, na mwaka 1946 Patriarki akalipokea kanisa lake. Mpaka leo Waorthodoksi wana makao yao Namungoona.

(Mwaka 1929 huo huo, hapa kwetu, wafungwa wakichimba katika ardhi ya gereza walifukua kichwa cha mtu cha udongo, ambacho sasa kimo British Museum, London. Hatujui aliyekifinyanga alimwomba nani.)

Nilipomsimulia mke wangu habari hizi, aliweka kando unga aliokuwa akichekecha. "Baba Mtoto, wewe ungemfuata yupi?"

Nilikiri kwamba ningependa ushujaa wa Spartas, lakini tabia yangu ni ya Nsibambi: siwezi kuihama nyumba niliyozaliwa, hata kama iliniumiza.

"Basi mimi nami siwezi kuihama yangu," akasema.

Tulizungumza mpaka taa ikazimwa. Tumekubaliana kwamba mtoto abatizwe kwa Wakatoliki, kwa kuwa mama ndiye atakayempeleka ibadani mara nyingi zaidi. Kwamba apewe jina la marehemu baba yangu. Na kwamba kila Jumapili jioni tusome Biblia mezani sote, pamoja na mdogo wangu akiwa hayuko zamu. Nami nimerudi kanisani kwangu, katika benchi la nyuma.

Mama yangu bado hajakubali. Jumamosi nitakwenda kumwona kijijini, nikimchukulia sangara kutoka gatini.