Wageni Wangapi Mwaka 2050?

Msomaji wa Marangu anauliza: mwaka 2021 Tanzania iliahidi kupunguza gesijoto kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo 2030. Mbona bado gesi hizo zinaweza kuongezeka na ahadi ikahesabiwa kuwa imetimia?

Kwa sababu punguzo halianzii kiwango cha leo. Linaanzia kiwango ambacho kingefikiwa mwaka 2030 kama tusingebadili chochote. Wengine huita hali hiyo "biashara kama kawaida", jina linalonikera, maana hapo hakuna biashara. Nitaiita mwendo wa mazoea. Na mwendo huo haupimwi, unakadiriwa.

Mjapani Yoichi Kaya aliupa ukadiriaji huo namba nne tu za kuzidisha: idadi ya watu, kipato cha kila mtu, nishati inayotumika kuzalisha kipato hicho, na kaboni iliyomo katika nishati hiyo. Uzuri wake utauona kwa mpika mbege, pombe ya ndizi, wa Kibosho anayeandaa harusi. Hukadiria wageni, kata atakazokunywa kila mgeni, kuni za kila pipa, na moshi wa kila mzigo wa kuni. Akiongeza chumvi ya asilimia 20 kwenye wageni na asilimia 20 kwenye kata, kuni hazizidi kwa 40 bali kwa 44, kwa kuwa kosa moja limezidishwa na jingine. Karamu ya mizigo 100 sasa imeandikiwa 144. Kisha anaahidi kupunguza theluthi: inabaki 96. Ametangaza theluthi, ameokoa mizigo minne!

Wageni wa taifa ni idadi ya watu. Itazame katika Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050, iliyozinduliwa Julai 2025. Inalenga uchumi wa dola trilioni 1 na kipato cha dola 7,000 kwa mtu. Gawanya, utapata watu milioni 143. Sensa ya 2022 ilihesabu milioni 61.7, wakiongezeka kwa asilimia 3.2 kwa mwaka. Kasi hiyo ikiendelea, mwaka 2050 tutakaribia milioni 149, yaani wageni milioni sita zaidi.

Kilimanjaro, hata hivyo, haiendi hivyo. Mkoa ulikuwa na watu milioni 1.64 mwaka 2012, na milioni 1.86 mwaka 2022, yaani asilimia 1.3 hivi kwa mwaka. Kitaifa watu huwa maradufu kwa miaka 22. Hapa, kwa zaidi ya 50. Vihamba, mashamba ya ukoo, vimejaa; vijana wanashukia Moshi mjini, Arusha na Dar es Salaam, wanarudi Desemba. Anayetandaza wastani wa taifa hadi Rombo atazidisha mahitaji ya umeme, kuni na maji ya mifongo (mifereji ya asili) huku juu, na kuyapunja kule walikohamia.

Wanaoandaa ahadi zijazo waandike kando ya kila asilimia ya punguzo idadi ya watu na kasi ya uchumi waliyoikadiria, mkoa kwa mkoa. Nawe msomaji, diwani au mbunge wako akikutajia asilimia hiyo, mwombe namba hizo mbili.