Nyota za Dereva ni Mali ya Nani?

Kila inapotajwa akili mnemba, swali la kwanza huwa ni kama mashine zitatunyang'anya kazi. Kwa dereva teksi wa Mwenge au mwendesha bodaboda wa Mbagala Rangi Tatu, jibu limeanza kuonekana miaka kadhaa sasa, nalo ni tofauti na lile tunalolihofia. Magari yanayojiendesha yenyewe yanabeba abiria San Francisco na Phoenix, lakini hakuna dalili kwamba yatafika karibuni kwenye barabara za vumbi za Chamazi au Bunju. Hapa mtu bado ameshika usukani, na abiria bado wapo. Alichopoteza dereva ni kauli juu ya kazi yake. Nauli inapangwa na programu, abiria anagawiwa na programu, na siku akifungiwa, programu ndiyo inayomfungia. Makala haya yanatetea jambo moja: hatari kubwa ya teknolojia hii kwa biashara tulizozizoea iko kwenye umiliki wa kumbukumbu za kazi, yaani safari alizofanya mtu na nyota alizopewa na wateja. Tukishughulikia asilimia za makato ya nauli peke yake na kuziacha kumbukumbu hizo mikononi mwa kampuni, tutakuwa hatujamsaidia dereva, wala abiria wake.

Usafiri wa Dar es Salaam umeshapinduliwa zaidi ya mara moja. Kampuni ya mabasi ya DMT, iliyoanzishwa mwaka 1949 enzi za mkoloni, ilitaifishwa mwaka 1970, na mwaka 1974 ikazaliwa UDA, shirika la umma lililokabidhiwa abiria wa jiji zima. Jiji likakua kuliko mabasi yake. Watu wakawa wanasubiri vituoni mpaka wanakata tamaa, magari ya watu binafsi yakaanza kupakia kwa kificho, na mwaka 1983 serikali ikaamua kuyaruhusu. Ndipo daladala zikashika jiji. Abiria alipata usafiri, na faida hiyo hatuwezi kuibeza. Lakini dereva na konda waliingia barabarani bila mkataba, wakidaiwa hesabu, yaani kiasi maalumu cha kumpelekea tajiri mwenye gari, kila jioni, siku iwe imelipa au haikulipa. Mtafiti Matteo Rizzo, katika kitabu chake cha mwaka 2017 kuhusu usafiri wa jiji hili, anaonyesha jinsi hesabu hiyo ilivyozaa mwendo wa hatari, kujaza abiria kupita kiasi na saa nyingi mno za kazi. Mambo tuliyozoea kuyaita tabia mbaya za madereva yalikuwa yanatokana na namna fedha zilivyogawanywa.

Teksi, na baadaye bodaboda, zilijipanga kwa utaratibu mwingine, yaani kijiwe. Kijiweni kuna zamu: aliyewahi ndiye anayepakia kwanza, mgeni haegeshi mpaka ajiandikishe na kulipa kiingilio, mkosaji anatozwa faini, na mwenzao akifiwa wanamchangia. Ukiacha gari lenyewe, mtaji mkubwa wa dereva ulikuwa ujuzi wake: njia za kukwepa foleni ya Barabara ya Kilwa, vichochoro vya Mwananyamala na Tandika, na namba za wateja wa kudumu, kama mama anayechukuliwa alfajiri kwenda kufuata mzigo Kariakoo. Ujuzi huo aliutunza kichwani na kwenye simu yake, na hakuna aliyeweza kumpokonya. Hata hivyo kijiwe kilikuwa na dhambi zake. Bei ilitajwa kwa kumwangalia mtu mavazi, mgeni wa jiji akalipishwa kupita kiasi, na mwanamke anayerudi nyumbani usiku hakuwa na namna ya kumjua aliyempakia.

Dhambi hizo ndizo zilizoifungulia mlango Uber ilipoanza kazi Dar es Salaam mwezi Juni 2016, ikifuatiwa na Taxify, ambayo tangu mwaka 2019 inaitwa Bolt. Abiria akaanza kuona nauli kabla ya kupanda, jina la dereva, namba ya gari na njia nzima kwenye ramani. Upande wa dereva mambo yanakwenda hivi: simu inalia, kioo kinaonyesha abiria alipo, na sekunde zinahesabika. Asipobonyeza upesi, safari inahamia kwa mwingine, na zamu ya kijiweni haina nafasi hapo. Programu imejifunza kutokana na safari nyingi zilizopita ni wapi abiria watakuwa wengi na saa ngapi, kisha inapandisha au kushusha nauli kwa hesabu ambayo dereva haonyeshwi. Safari ikiisha, abiria anatoa nyota, na wastani wa nyota ukishuka chini ya kiwango cha kampuni, akaunti ya dereva inaweza kufungwa. Hivyo ndivyo maamuzi ya mashine yalivyoingia kwenye biashara ya teksi, miaka kadhaa kabla neno akili mnemba halijawa gumzo mitaani.

Malalamiko ya madereva yaliangukia kwenye makato. Chukua safari ya shilingi 10,000. Kampuni ikikata asilimia 33, inaondoka na 3,300, na kwenye 6,700 inayobaki dereva anatoa mafuta, bando la intaneti na hesabu ya mwenye gari. Mwaka 2022 LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019, iliweka ukomo wa makato kuwa asilimia 15. Mwezi Aprili mwaka huohuo Uber ikasitisha huduma nchini. Agosti Bolt nayo ikafunga huduma zake za kawaida, ikabaki na wateja wa makampuni. Mazungumzo yakaendelea, ukomo ukapandishwa hadi asilimia 25, na Januari 2023 Uber ikarudi. Kwa safari ileile ya shilingi 10,000, kampuni iliyokuwa imeambiwa isizidishe 1,500 ikaruhusiwa 2,500. Kenya nayo iliweka ukomo wake mwaka 2022, asilimia 18.

Wapo wanaosoma tukio hili kama ushahidi kwamba serikali haiwezi kuzidhibiti kampuni za namna hii. Mimi nalisoma vingine. LATRA ilikuwa na madaraka ya kutosha kupanga kiwango, na kiwango kikatangazwa. Kilichoipa kampuni nguvu ya kususa ni kwamba kila kitu kinachoifanya kazi ya dereva iwe na thamani kilikuwa kwenye mitambo yake. Programu ilipozimwa, dereva aliyekuwa amefanya maelfu ya safari na kutunza nyota zake kwa miaka alibaki na gari tu. Hakuwa na orodha ya abiria aliowabeba, kwa sababu walipita kwenye programu. Hakuweza kwenda kampuni nyingine na ushahidi kwamba ni dereva mwangalifu, kwa sababu ushahidi huo haubebeki. Alianza upya, sawa na mtu aliyepata leseni jana. Anayeweza kumrudisha mwenzake sifuri kwa kubonyeza kitufe hana sababu ya kuogopa majadiliano ya asilimia.

Pingamizi la kwanza dhidi ya hoja hii linatokana na historia yetu wenyewe. Watu watasema teknolojia siku zote hutikisa na kisha huzaa ajira, nao watatoa mfano wa fedha za simu. M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008, mabenki yalitikiswa, lakini leo kila mtaa wa Temeke na Kinondoni una kibanda cha wakala, na mtu wa Mtoni Kijichi anatuma fedha kijijini bila kupanga foleni benki. Mfano huu ni sahihi, ila una sehemu ya pili ambayo husahaulika. Mwanzoni kila mtandao ulikuwa kisiwa. Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel zilikubaliana kuunganisha huduma zao, na mwaka 2016 Vodacom, yenye M-Pesa, ikajiunga. Mwaka 2015 Bunge lilikuwa limeshapitisha Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa, na baadaye Benki Kuu ikajenga mfumo wa TIPS unaounganisha mabenki na mitandao ya simu. Fedha zikaweza kuvuka kutoka kampuni moja kwenda nyingine, na mteja akaweza kuhama bila kupoteza kilicho chake. Basi mfano wa fedha za simu unaiunga mkono hoja hii. Manufaa yalitapakaa kwa sababu milango kati ya kampuni ilifunguliwa, tena kwa makubaliano na kwa sheria.

Pingamizi la pili ni la abiria, nalo linastahili heshima. Mkazi wa Tegeta anayewahi hospitali hajali nyota za dereva ni mali ya nani. Anataka gari lifike, nauli iwe nafuu, na afike salama. Anaogopa kwamba masharti yakizidi, kampuni zitaondoka naye atarudi kwenye kupatana bei gizani. Lakini huyu ndiye aliyeachwa bila huduma mwaka 2022, kampuni ziliposusa. Kama madereva wangeweza kuhama na kumbukumbu zao, kampuni nyingine, au chama cha ushirika cha madereva wenyewe, ingepata pa kuanzia ndani ya wiki chache. Zaidi ya hapo, nauli nafuu inayolipwa na dereva aliyekesha barabarani saa kumi na sita ina gharama yake, na abiria amekaa kwenye gari hilohilo. Daladala zilishatufundisha kwamba mgawanyo mbaya wa fedha huishia kuwa hatari barabarani.

Pingamizi la tatu linasema kumbukumbu hizo zimetengenezwa kwa mtaji wa kampuni, kwa hiyo ni zake. Ni kweli kwamba kampuni imejenga programu na inastahili malipo yake. Lakini data inayoifundisha programu hiyo inatoka kwa dereva na abiria, safari baada ya safari. Na tuna mfano hapahapa wa ujuzi wa mitaa kukusanywa bila kufungiwa. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza mwaka 2015, uliwatumia wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi pamoja na wakazi kuchora mitaa, mifereji na nyumba za maeneo yanayokumbwa na mafuriko, ambayo awali hayakuwa na ramani za kuaminika. Ramani hizo ziliwekwa wazi kwenye OpenStreetMap, na mtu yeyote anaweza kuzitumia. Kazi iligharamiwa, teknolojia ikatumika, na wenye mitaa hawakugeuzwa wageni wa taarifa zao wenyewe.

Jambo hili linavuka mipaka ya teksi. Tangu huduma ya mikopo ya M-Pawa ianze mwaka 2014, mikopo ya simu inatolewa kwa hesabu za mashine zinazopima jinsi mtu anavyotumia akaunti yake. Mama lishe wa Tandika aliyelipa vizuri kwa miaka ana sifa ambayo ni mtaji kamili, na asipoweza kwenda nayo kwa mkopeshaji mwingine, atabaki kukubali riba anayopewa. Fundi samani wa Keko anayeuza kupitia mtandao atakutana na swali hilohilo: maoni ya wateja wake yakikaa kwenye jukwaa moja tu, mwenye jukwaa ndiye atakayeamua kazi yake ionekane au ifichwe.

Msingi wa kisheria tunao tayari. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inampa mtu haki ya kujua taarifa zake zinazohifadhiwa na inagusa maamuzi yanayofanywa na mitambo. Kinachotakiwa ni LATRA na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kuipeleka haki hiyo barabarani: dereva apewe kumbukumbu ya safari na nyota zake kwa namna ambayo kampuni nyingine inaweza kuisoma, aonyeshwe nauli ilivyokokotolewa, na asifungiwe mpaka apewe sababu na kusikilizwa na binadamu. Madereva nao wana wajibu wa kuungana. Katika miaka ya 1990 wafanyakazi wa daladala, walioonekana hawawezi kupangika, walianzisha chama chao cha UWAMADAR na kudai mikataba. Wa leo wana sababu nzito zaidi, kwa kuwa wanapambana na mashine isiyoonekana. Dar es Salaam ilihesabu watu 5,383,728 katika sensa ya 2022, na kampuni yoyote ya usafiri ingependa kuwahudumia. Jiji lenye soko kubwa kiasi hicho lina haki ya kutaja masharti yake, na sharti la kwanza liwe kwamba jina jema alilolichuma dereva kwa jasho lake anaondoka nalo popote anapokwenda.