Vumbi la Kangaga

Haya wajukuu, mbegu ya mhindi iko kwenye gunzi na ya mwembe iko ndani ya embe. Ya kangaga je, iko wapi? Kangaga halitoi ua hata siku moja, wala halina tunda wala mbegu. Zamani watu wa Ulaya walilikunia kichwa jambo hilo, mwisho wakasema mbegu ipo ila haionekani, na atakayeipata naye hataonekana! Shakespeare mwenyewe aliutia mzaha huo katika tamthilia yake mojawapo.

Sasa geuzeni jani lililokomaa. Chini yake mtaona vidoa vya kahawia vimejipanga kwa safu. Kuna watu hudhani ni wadudu, wakamwaga dawa bure. Kila kidoa ni kundi la vifuko, na kila kifuko mara nyingi kina spora 64, yaani punje ndogo kama vumbi. Kifuko kikikauka hufyatuka, spora zikapeperuka na upepo.

Spora ikitua penye unyevu, haioti kangaga. Tegeni masikio, hapa ndipo penye utamu. Huota kijani bapa chenye umbo la moyo, kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Upande wake wa chini hutoka chembe za kiume zenye mikia, zikaogelea kwenye maji hadi kulifikia yai. Maji yakikosekana, hakuna safari. Yai likisharutubishwa, ndipo kangaga tunalolijua huchipuka kutoka kwenye kile kijani, nacho kikanyauka na kufa. Mjerumani Wilhelm Hofmeister ndiye aliyeifafanua siri hii vizuri, mwaka 1851.

Kwa hiyo anayetaka kuotesha makangaga nyumbani ajue kwamba kazi yake kubwa ni kutunza unyevu. Daktari mmoja wa London, Nathaniel Ward, alilijua hilo kwa bahati tu. Makangaga ya bustani yake yalikufa kwa moshi wa makaa ya mawe. Mwaka 1829 akafukia buu la nondo kwenye udongo mbichi ndani ya chupa, akaifunika, akasubiri nondo atoke. Kumbe likachipua kangaga! Maji yalipanda kama mvuke, yakagonga kioo, yakarudi kwenye udongo, na kangaga likaishi humo karibu miaka minne. Ward akatengeneza masanduku ya kioo, na baadaye masanduku ya namna hiyo yakavusha miche ya chai kutoka China hadi India.

Nyinyi hamhitaji sanduku, kopo la plastiki linaloonyesha ndani linatosha. Laza jani lenye vidoa vilivyoiva juu ya karatasi nyeupe, mahali pasipo na upepo, kwa siku moja au mbili. Litaacha vumbi la kahawia. Weka mboji laini ndani ya kopo, kisha mwombe mtu mzima aimwagie maji yanayochemka. Msiruke hatua hii hata kidogo, kwa sababu ukungu na kuvumwani humea upesi kuliko spora na kuzimaliza. Mboji ikipoa, gongagonga karatasi ili vumbi lidondoke juu yake. Vumbi liwe kidogo, na lisifukiwe, maana linahitaji mwanga. Funika, uweke penye mwanga ila jua lisipige moja kwa moja.

Baada ya wiki kadhaa mboji itaota utando wa kijani, kisha vile vijani vya umbo la moyo. Hapo nyunyiza maji yaliyochemshwa yakapoa, ili zile chembe zipate pa kuogelea. Vijikangaga vya kweli huchukua miezi, na vikishakuwa na majani machache mnaweza kuvihamisha, huku mkivizoesha hewa ya nje kidogokidogo.

Lile kangaga la kutundika barazani, lililopewa jina la mji wa Boston, msilihangaishe kwa vumbi, spora zake kwa kawaida hazioti. Lenyewe hutoa nyuzi ndefu zinazotambaa. Lazeni uzi kwenye udongo, ukishatoa mizizi na majani, kateni.

Na andikeni jina na tarehe juu ya kopo. Kwa wiki za mwanzo linafanana kabisa na kopo la udongo mtupu, na anayefagia nyumba atalitupa.