Ramani ya kugusa na bando lako: kwa nini ukurasa mmoja hufunguka na mwingine hugoma

Unafungua ukurasa wenye ramani ya utabiri wa mvua za vuli. Kichwa cha habari kinatokea, kisha kiduara kinaanza kuzunguka katikati ya kioo. Kinazunguka weee! Ukiangalia salio, bando limeshuka na ramani hujaiona. Jirani yako mwenye simu nyingine amefungua ukurasa huohuo, anagusa wilaya moja moja na kila wilaya inamweleza habari zake.

Wasikilizaji wengi husema tatizo ni mtandao. Mara nyingine ni kweli, mnara uko mbali au umezidiwa. Lakini mara nyingi sababu iko ndani ya ukurasa wenyewe, katika namna ulivyotengenezwa. Leo tunaeleza jinsi kurasa za namna hii zinavyofanya kazi, kwa sababu utabiri wa mvua, bei za mazao na hata matokeo ya uchaguzi vinazidi kuwekwa kwenye ramani na grafu za kugusa. Mkulima asiyeweza kuzifungua, au anayezisoma vibaya, anabaki kuamua kwa kubahatisha siku ya kupanda na siku ya kuuza.

Nyumba, rangi na umeme

Ukurasa wa mtandao hujengwa kwa mambo matatu. La kwanza ni HTML, lugha iliyobuniwa na Mwingereza Tim Berners-Lee alipokuwa kituo cha utafiti cha CERN, karibu na Geneva, Uswisi. HTML huiambia simu: hiki ni kichwa cha habari, hii ni aya, hapa pana picha. Hizo ndizo kuta na paa.

La pili ni CSS. Wazo lake lilitolewa mwaka 1994 na Håkon Wium Lie wa Norway. CSS hupanga rangi, ukubwa wa herufi na nini kikae wapi. Hiyo ni plasta, rangi na mpangilio wa vyumba.

La tatu ni JavaScript, iliyoandikwa na Mmarekani Brendan Eich mwaka 1995, kwa siku zipatazo 10 tu. Hii ndiyo inayofanya ukurasa ukujibu ukiugusa: unabonyeza wilaya, maelezo yanatokea, unachagua mahindi, grafu inabadilika. Huo ni umeme wa nyumba.

Sasa fikiria umeme unapokatika. Nyumba iliyojengwa vizuri inabaki nyumba. Mlango unafunguka kwa mkono, na mchana mwanga unaingia dirishani. Lakini mtu akijenga nyumba isiyo na madirisha, yenye mlango wa umeme tu, siku umeme ukikatika hata kuingia huwezi. Kurasa zinazogoma kwenye simu yako mara nyingi zimejengwa hivyo: habari yote imefichwa ndani ya JavaScript. Hiyo ikishindwa kufika, unabaki na kiduara kinachozunguka.

Na inaweza kushindwa kwa sababu nyingi. Simu ni ya zamani, mtandao umekatika katikati, au kivinjari, yaani programu unayofungulia mtandao, kimeweka mipaka. Opera Mini, ambayo wengi wetu tunaitumia kubana bando, hupitisha ukurasa kwanza kwenye kompyuta zake, huupunguza uzito, kisha hukuletea. Katika ubanaji ule mkubwa, JavaScript hufanya kazi kwa kiasi kidogo tu. Maandishi yanafika salama, lakini ramani ya kugusa inaweza kufika imeganda.

Ramani inavyokula bando

Ramani za mtandao haziji zote kwa mara moja. Hukatwa vipande vya mraba kama vigae vya sakafu. Kwenye mfumo unaotumika sana, dunia nzima ikionekana kwa mbali kabisa ni kipande kimoja. Ukisogea karibu hatua moja, inakuwa vipande 4. Hatua ya pili 16. Hatua ya tatu 64. Kila hatua huzidisha kwa 4.

Simu yako huchukua vile tu vinavyotosha kioo chako. Ila kila unapoivuta ramani kushoto au kulia, au kuikuza kwa vidole viwili, vipande vipya vinaitwa. Kila kimoja ni kidogo, lakini ukitembeza ramani kwa dakika chache unaweza kuita makumi ya vipande. Kwa hiyo kidole chako ndicho kinachotumia bando. Kama pana sehemu ya kuandika jina la wilaya, andika jina kuliko kuitafuta kwa kuvuta.

Ramani hizi si za wataalamu wa mbali peke yao. Nyingi zimejengwa juu ya OpenStreetMap, mradi ulioanzishwa Uingereza mwaka 2004 na Steve Coast, ambao mtu yeyote anaweza kuuongezea barabara, mto au zahanati. Dar es Salaam, kuanzia mwaka 2015, wanafunzi wa vyuo na wakazi wa mitaa waliingia kwenye mradi wa Ramani Huria, wakachora maeneo yanayokumbwa na mafuriko. Kabla ya hapo, mwanzoni mwa mwaka 2008, vijana wa Kenya walitengeneza Ushahidi, ramani ya mtandaoni iliyoonyesha matukio ya ghasia za baada ya uchaguzi. Taarifa zake zilitumwa na wananchi, wengine kwa ujumbe mfupi wa simu. Mwenye kitochi aliweza kuweka alama kwenye ramani ambayo simu yake isingeweza kuionyesha.

Grafu nyepesi na grafu nzito

Picha ya kawaida ni mkusanyiko wa nukta za rangi. Simu inabidi ibebe habari za nukta zote, ndiyo maana picha moja uliyopiga kwa simu inaweza kuzidi MB 3. Kwa kulinganisha, maneno yote ya makala hii hayafiki hata KB 15. Kwa bando la picha hiyo moja ungeweza kusoma makala kama hii zaidi ya 200.

Lakini grafu haihitaji kuwa picha ya nukta. Ipo aina iitwayo SVG, ambayo ndani yake ni maelekezo ya maandishi: chora mstari kuanzia hapa mpaka pale, paka kijani, andika "Machi" chini yake. Simu yako yenyewe ndiyo inayochora. Grafu ya bei ya mahindi ya miezi 12 ikitengenezwa hivyo huwa na KB chache tu, na ukiikuza haififii. Uzito unaingia pale fundi anapoongeza mbwembwe: mistari inayocheza, picha za video nyuma ya maandishi, na mizigo ya JavaScript kwa kazi ambayo sentensi moja ingeitosha.

Jedwali lililopotea njia

Jambo lingine ni mpangilio. Kompyuta ya mezani ina kioo kipana. Vitochi vingi vyenye intaneti vina kioo cha nukta 240 kwa 320. Mwaka 2010 Mmarekani Ethan Marcotte aliandika juu ya kurasa zinazojipima: ukurasa hutazama upana wa kioo, kisha hujipanga. Safu 3 zilizokaa ubavuni kwa ubavuni kwenye kompyuta hushuka chini na kuwa safu moja kwenye simu. CSS ndiyo inayofanya hivyo.

Jambo hili linagusa mfuko wako. Chukua jedwali la bei lenye masoko kushoto na mazao 7 kwenda kulia. Kwenye simu ndogo, ukivuta kulia kutafuta bei ya maharage, majina ya masoko yanapotea kushoto. Unaweza kusoma bei ya Mbeya ukidhani ni ya Morogoro, ukamkatalia au kumkubalia dalali kwa takwimu ya soko lingine. Mpangilio mzuri huligeuza jedwali hilo kuwa vijisanduku: jina la soko juu, bei zake zote chini yake, kisha soko linalofuata.

Kufunguka si kusomeka

Tuseme ramani ya mvua imefunguka. Kabla ya kuamini rangi, tafuta tarehe ya utabiri na sanduku linaloeleza kila rangi ina maana gani. Wapo watu, wanaume zaidi kuliko wanawake, wasiotofautisha vizuri kijani na nyekundu. Kama wewe ni mmoja wao, gusa wilaya usome maneno, au muulize mwenzako.

Halafu zingatia neno "wastani". Utabiri wa msimu husema mvua zitakuwa juu ya wastani, za wastani au chini ya wastani. Wastani huo ni wa eneo lenyewe, unaokokotolewa kwa miaka 30. Dodoma hupata milimita zipatazo 600 za mvua kwa mwaka. Bukoba hupata kama 2,000. Rangi ya "juu ya wastani" Dodoma haina maana kwamba itanyesha kuliko Bukoba. Wala rangi haikuambii kama mvua itanyesha mfululizo au itakata wiki tatu mahindi yakiwa magotini. Mpaka wa rangi nao si ukuta. Kijiji cha upande huu na cha upande ule vinaweza kunyeshewa sawasawa.

Unachoweza kufanya

Soma maandishi ya juu kwanza kabla ya kugusa ramani. Ukurasa ukigoma kwenye Opera Mini, punguza kiwango cha kubana kwenye mipangilio, au jaribu kivinjari kingine kwa ukurasa huo tu. Zima video zinazojicheza zenyewe. Geuza simu ilale kwa upana unaposoma jedwali. Grafu muhimu ikishafunguka, piga picha ya kioo. Utaitazama tena shambani bila kutumia hata KB moja, na unaweza kumwonyesha asiye na simu janja.

Kwa upande wetu, tovuti hii inafuata utaratibu mmoja: jambo kuu la kila ramani au grafu huandikwa kwa sentensi juu yake, na takwimu zake huwekwa chini kwa maandishi ya kawaida. Hata mitindo ya mafundi hupita. Miaka ya nyuma michoro mingi ya kugusa ilitengenezwa kwa Flash. Kampuni ya Adobe ilisitisha huduma hiyo tarehe 31 Desemba 2020, na mingi ya michoro hiyo haifunguki tena kwa njia ya kawaida. Takwimu zilizoandikwa kwa maneno bado zinasomeka.

Nawe una haki ya kudai hivyo kwa yeyote anayekuwekea taarifa mtandaoni, iwe redio, ofisi ya kilimo au chama cha ushirika. Ukikutana na ramani isiyofunguka, waandikie waweke jibu kwa maneno. Na ukiwa huna bando kabisa, bei na utabiri tunavisoma hewani. Kuwa na kalamu karibu.