Hazel Dickens: mama aliyeimba vumbi la mine

Ukisikia muziki wa kantri wa Marekani, pengine unawaza kofia kubwa, farasi na mapenzi. Lakini kuko pia kantri ya watu wa mine, na ndani yake jina la Hazel Dickens liko mbele.

Alitoka wapi?

Hazel alizaliwa West Virginia, jimbo la milima na makaa ya mawe, katika familia ya watoto 11. Baba alikuwa muhubiri na alijua kupiga banjo. Kaka zake walifanya kazi ya mine. Juu ya umaskini, Hazel alienda mji wa Baltimore kufanya kazi ya usine. Kule akakutana na Alice Gerrard, na mwaka wa 1965 albamu yao ya kwanza ikatoka. Wakati ule, katika bluegrass, ile kantri ya milimani, karibu vikundi vyote viliongozwa na wanaume.

Hakuingia katika makampuni makubwa ya Nashville. Alirekodi kwa nyumba ndogo kama Folkways na Rounder. Pesa haikuwa mingi, lakini hakuna bosi aliyemwambia nini asiimbe.

Kwa nini aliimba juu ya mapafu?

Kaka yake Thurman alikufa kwa ugonjwa ambao wachimbaji wanauita "pafu jeusi". Vumbi la makaa linaingia kidogo kidogo, mapafu yanakuwa magumu, mtu anakosa pumzi. Hakuna dawa ya kuyarudisha. Hazel akaandika wimbo "Black Lung". Wanaokula vumbi la mine huku kwetu wataelewa.

Wimbo na mgomo

Mwezi wa 11 mwaka wa 1968, mlipuko katika mine ya Farmington uliua watu 78. Hazel aliimba juu yao pia. Miezi 3 nyuma, wachimbaji karibu 40,000 wa West Virginia waliacha kazi, wakidai malipo kwa wagonjwa wa mapafu. Kabla mwaka 1969 haujaisha, Marekani ilipata sheria ya kupunguza vumbi na kulipa wagonjwa.

Nyimbo zake zilisikika tena katika filamu "Harlan County, USA", juu ya mgomo wa Kentucky. Filamu hiyo ilipata Oscar mwaka wa 1977. Hazel alifariki mwaka wa 2011.

Je, mambo yameisha?

Hapana. Mwaka wa 2018, watafiti wa serikali walionyesha kwamba katika Appalachia ya kati, kwa wachimbaji 5 wenye miaka 25 ya kazi au zaidi, 1 anao ugonjwa huo. Makaa mazuri yamepungua, mashine zinakata mawe mengi zaidi, na vumbi la mawe ni kali kupita la makaa. Sheria iko. Lakini kama hakuna anayepima vumbi kila siku, sheria inabaki karatasi, na wimbo wa Hazel ungali na kazi.