Gari la Baridi Lateremka Pwani

Sisi watu wa Pwani tukitajiwa Mau Narok hukumbuka viazi tu. Mahali penyewe wachache wetu tumepaona. Ni mji mdogo juu ya mgongo wa milima ya Mau, kusini ya Njoro, na umepita mita 2,700 kutoka usawa wa bahari. Asubuhi ukungu hulala barabarani kama moshi wa ubani uliokosa pa kutokea. Kushoto ngano na shayiri, kulia viazi na pareto, na udongo wake mweusi tititi. Hata hilo neno "narok" kwa Kimaasai ni weusi. Mzaliwa wa Mombasa akifika huko hutafuta koti kabla ya kutafuta chakula.

Nilipanda huko mwezi uliopita kwa jambo la nyumbani. Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, ameuza duka huko kwa zaidi ya miaka arobaini, na sasa amelifunga anarudi kwao. Vitu vingine alikwisha vituma kwa lori la viazi. Kilichobaki ni yeye, dada, masanduku mawili, na Peugeot 504 ya safu tatu za viti, aliyoinunua mkono wa pili mwaka 1986. Hiyo Peugeot ndiyo iliyoleta maneno.

Mnunuzi wa vyuma chakavu kutoka Nakuru alikwisha kuja na kulizunguka mara moja, akataja bei ya kilo. Watoto walipiga simu kutoka Mombasa: baba uza, mpande basi mpaka Nairobi, kisha mpande treni. Shemeji akajibu kwamba aliondoka kwao akiwa kijana asiye na kitu, na hatarudi ameshika tikiti mkononi kama mgeni. Dada naye akasema gari lile halimtii hata kwenda Njoro, sembuse Mombasa. Mimi niliitwa nikaamue. Sikuamua. Niliomba aitwe fundi.

Kabla ya fundi, niseme kidogo juu ya Peugeot hii, maana vijana wetu wanaiona kuwa ni kichekesho. Ilitoka kwao Ufaransa mara ya kwanza mwaka 1968, na jina la kampuni lilikuwa limekwisha kuenea Afrika Mashariki kwa ile dada yake mkubwa, 404. Mashindano ya Safari, yaliyoanzishwa mwaka 1953, yalikuwa yakipita matope na vumbi la nchi zetu kwa maelfu ya maili. Mwaka 1963 magari yaliyomaliza yalikuwa 7 tu, na ya kwanza ilikuwa 404. Bert Shankland wa Tanganyika alishinda na 404 mwaka 1966 na tena 1967. Mwaka 1968 wakamaliza 7 tena, na 404 ikawa mbele. Kisha 504 ikashinda mwaka 1975 na 1978. Kwa hiyo wenye magari ya abiria walipotafuta gari la safari ndefu, hawakuuliza sana. Miaka mingi 504 ya safu tatu ndiyo iliyokuwa ikibeba watu baina ya Nairobi na Nakuru, magoti kifuani, hadi zilipokuja Nissan za viti vingi zikazifukuza njiani.

Na anayedhani gari kuukuu haliwezi kazi, namkumbusha marehemu Joginder Singh, mwana wa Kericho, fundi kabla hajawa bingwa. Mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant waliingia Safari na Volvo iliyokwisha kutumiwa na timu ya kiwanda, gari la mkono wa pili. Makampuni makubwa yalileta magari mapya yanayong'aa. Ile kuukuu ikashinda. Joginder alijua kila nati iliyokuwamo ndani yake, kwa kuwa aliifungua mwenyewe.

Basi fundi alikuja. Mtu wa makamo, mwembamba, kofia ya sufi imeshuka mpaka kwenye nyusi. Hakuwasha injini. Aliinama akatazama chini, akabonyeza mipira ya maji kwa kidole, akafungua kifuniko cha mafuta ya breki akakinusa. Dada yangu alikuwa mlangoni na leso yake. Akamwuliza, "Fundi, mwanao utampakia humu umpeleke Mombasa?"

Yule bwana alikaa kimya kitambo. Akasema, "Mama, si leo. Nipeni siku tano."

Jibu hilo lilinipendeza. Nimeona mafundi wengi mijini ambao kila gari kwao ni "hakuna shida", na shida wenyewe mkakutana nayo Kibwezi saa nane za usiku.

Siku tano hizo nilikaa juu ya debe kando ya gari nikitazama, na nikajifunza jambo ambalo sikupata kulifikiri. "Mzee," aliniambia, "gari hili halijazeeka sana. Limezoea baridi." Maana yake ilikuwa hivi. Huko juu hewa ni nyepesi, imepungua kama robo ukilinganisha na hewa ya Mombasa. Injini ya zamani inayotumia kabureta hainyumbuliki yenyewe kama magari ya siku hizi. Hupokea petroli kwa kadiri ya tundu la jeti, yaani kile kijishaba kidogo kinachopitisha mafuta. Hewa ikiwa haba na petroli ni ile ile, gari litatoa moshi mweusi na kulewa. Kwa hiyo mafundi wa Mau Narok hutia jeti yenye tundu dogo zaidi, na gari likatulia. Sasa literemshe gari hilo mpaka baharini. Hewa ni nzito, imejaa, na petroli ni kidogo. Injini hukimbia na njaa, huwaka moto kupita kiasi, na valvu huungua. Mwenye gari atasema, "Lilikuwa zima nilipotoka!" Na kweli lilikuwa zima, kwa mahali pale.

Fundi alikuwa amezihifadhi jeti za asili ndani ya kikopo cha dawa ya kikohozi, miaka yote hiyo, pamoja na misumari na vifungo vya shati. Nilimwuliza kwa nini asizitie Nairobi, katikati ya njia. Akasema atazitia hapo hapo Mau Narok. Kupanda Limuru gari litavuta vibaya na kutoa moshi, lakini moshi mweusi ni hasara ya petroli, na valvu kuungua ni hasara ya injini. Ni afadhali ishibe kupita kiasi kuliko ilale na njaa.

Jambo la pili lilikuwa maji. Penye urefu ule maji huchemka yakifika digrii kama 91, si 100, na kinachoyazuia yasichemke upesi ni kifuniko cha rejeta kinachobana pumzi. Mpira wa kifuniko cha shemeji ulikuwa umekauka kama ganda la ndimu. Haukuonekana kuwa na kasoro, maana kwa baridi ile injini haikupata kutoa jasho. Na feni ndiyo iliyonishangaza zaidi. Peugeot hizi zina feni isiyozunguka wakati wote. Injini ikipata moto, umeme hupita kwenye kipande cha kaboni, sumaku ikaishika feni, ikaanza kazi. Mau Narok haishikwi mara nyingi. Fundi alipoifungua alikuta ile kaboni imekwisha kabisa, labda miaka kumi iliyopita, na hakuna aliyejua. Ingejulikana Mtito Andei, adhuhuri, na watu wazima wawili ndani. Hakuihangaikia kaboni. Aliifunga feni moja kwa moja ili izunguke pamoja na injini, iwe baridi au joto. "Itapiga kelele kidogo," akasema. Mipira ya maji aliibadilisha yote, hata ule ulioonekana mpya.

Nilipokuwa nikimtazama, nilikumbuka mafundi wa majahazi wa kwetu. Jahazi likipandishwa pwani, mtu hasemi "mwaka jana halikuvuja". Mbao hugongwa moja moja, pamba iliyooza hutolewa kwenye nyufa, hukalafatiwa upya, na hupakwa sifa mpaka mtaa mzima ukanuka. Hufanyiwa hivyo likiwa kavu, kabla ya msimu, kwa sababu katikati ya bahari hakuna pa kulipandisha. Wenye magari wa leo wameacha desturi hiyo. Huosha gari nje, hutia petroli, hufunga safari.

Breki zilimchukua siku nzima na nusu. Kutoka Mau Narok hadi Nakuru ni mteremko wa mita 900 au zaidi, na mafuta ya breki yana tabia ya kunywa maji kutoka hewani, na hewa ya huko imejaa ukungu. Mafuta yaliyokunywa maji huchemka mguu ukikaa juu ya breki kwa muda mrefu. Yakichemka, unakanyaga hewa. Yaliyotoka yalikuwa meusi kama kahawa chungu. Alitoa yote, akasafisha mabomba, akatia mapya, akabadilisha viatu vya nyuma na raba zake. Matairi mawili aliyakataa ingawa kashata zake zilikuwa nene. Alinionyesha nambari nne zilizopigwa ubavuni: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Moja lilitengenezwa wiki ya 11 ya mwaka 2009. Tairi huzeeka hata likiwa limekaa. Hapo shemeji alinung'unika bei, na dada, kwa mara ya kwanza tangu nifike, alitia neno upande wa gari: "Yanunue, baba wee, au ukae na viazi vyako."

Mengine nayapitisha upesi: plagi, poinzi, mkanda wa feni mpya na wa zamani ukatiwa chini ya kiti kuwa akiba, grisi kila palipotaka grisi, taa, jeki, pembetatu za hatari, madumu mawili ya maji. Jumla ya vipuri haikufika nusu ya bei ambayo mtu huipa gari lililokwisha kufa njiani na kukokotwa.

Siku ya sita asubuhi fundi alikuja na mtoto, mvulana wa kama miaka tisa, sweta ya shule, uso umepakwa mafuta. Hakusema kitu. Alimtia kiti cha mbele, akamfunga mkanda, akateremka naye mpaka Njoro, akapanda. Walirudi baada ya muda mrefu, mtoto anakula mahindi ya kuchoma. Dada yangu aliwatazama kutoka mlangoni, kisha akaingia ndani. Nilisikia sufuria zikifungwa.

Tulitoka baada ya sala ya alfajiri, tumekwisha kusoma dua ya safari. Nilimkumbuka yule Bedui wa kwenye hadithi tuliyofundishwa chuoni, aliyetaka kumwacha ngamia wake bila ya kumfunga, na jibu alilopewa na Mtume, rehema na amani zimshukie. Ilikuwa Ijumaa, na Nakuru tulikaa tukasali msikiti wa Bondeni, nikapata na pilau ya kuaminika. Kwenye miinuko ya kwenda Limuru moshi ulitoka kweli, mweusi, na lori moja nyuma yetu likapiga honi kwa hasira. Tukalala Nairobi kwa jamaa.

Kesho yake ndiyo ilikuwa mtihani. Baada ya Sultan Hamud joto lilianza kupanda, na gari, kinyume cha nilivyoogopa, likazidi kuwa laini. Ule mvuto mbaya wa Limuru uliisha kidogo kidogo, kama mtu anayepanguswa usingizi. Kufika Mtito Andei sindano ya joto ilikuwa katikati, haitikisiki, na feni inavuma. Shemeji aliyekuwa ameshika usukani kwa mikono miwili alianza kuushika kwa mmoja, mpaka dada akamkumbusha.

Baina ya Voi na Mariakani, pale Mackinnon Road, tulisimama kwenye msikiti wa Sayyid Baghali, yule Mpunjabi aliyefariki wakati reli ikijengwa mwisho wa karne ya 19. Wazee husimulia kwamba karai lake la udongo lilikuwa likielea juu ya kichwa chake. Madereva wengi hawapiti bila ya kusimama na kutoa chochote, na wako wanaosema asiyesimama hatafika salama. Mimi sina ugomvi na anayesimama pale akasali na kupumzika. Nina ugomvi na dereva anayetia sadaka sandukuni ilhali breki zake hajazitazama tangu mwaka jana, akadhani amekwisha kulipa. Tulisali adhuhuri na alasiri kwa kuzikusanya na kuzifupisha, tukafungua boneti, tukatazama. Oili ilikuwa imepungua kidogo. Maji hayakutaka hata kikombe.

Tuliingia Mombasa kabla ya magharibi. Fundi alipiga simu usiku ule, hakuuliza habari za watu kwanza, aliuliza habari za feni. Na kesho yake kijana mmoja wa gereji ya mtaani alijilaza chini ya gari, akagonga gonga kwa spana, akatoka akimwambia shemeji kwamba bodi yake ni kavu ajabu, haina kutu, lakini hapa ni mita mia tatu kutoka baharini na hewa ya chumvi haikawii. Anataka alipake oili chafu chini kote kabla ya Jumatatu. Shemeji amekwisha kumpa fedha ya oili.